Kukimbia Eastlands mwaka mzima: Kabla ya mvua na baridi, kuna swali la ‘nani anakukimbiza?’

Ukikimbia Iten hakuna mtu anageuza shingo. Hata ng’ombe wamezoea. Sasa jaribu kutoka keja yako Kayole au Umoja saa kumi na moja na nusu asubuhi, hudi nyeusi imefunika kichwa, uanze kukata mbio kuelekea stage. Mama wa chapati atasimama na mwiko hewani. Soja wa ploti atashika rungu vizuri. Na kwenye kila base kuna msee mmoja ambaye hawezi kujizuia: “We, nani anakukimbiza?”

Watu hucheka, na wewe unacheka ukipita. Lakini hilo swali lina uzito wake. Huku kwetu kijana anayekimbia huwa ni mmoja wa watu wawili: ameiba, au ameibiwa na anamfuata aliyemwibia. Mtu wa tatu, yule anayekimbia kwa sababu anapenda tu, mtaa bado haujamzoea. Na kazi yako ya kwanza ukitaka kukimbia Eastlands kuanzia Januari hadi Desemba ni kuufanya mtaa umzoee huyo mtu wa tatu. Mvua, baridi na vumbi tutavifikia, vyote vina dawa. Kelele ya “mwizi!” haina dawa ikishapigwa.

Nimesoma makala nyingi za kukimbia mwaka mzima. Zinaongea theluji, jaketi za bei ya kodi ya nyumba, na bustani zenye taa kila hatua kumi. Hakuna hata moja inayokuambia ufanye nini ukikutana na Land Cruiser ya makarao pale Mutindwa alfajiri na kitambulisho umekiacha kwa suruali nyingine. Mimi si kocha. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa, na nilianza kukimbia kwa sababu ulikuwa mchezo pekee usioitisha ada. Huu ni mwaka wa nne. Nakimbia mara nne kwa wiki, masika na kiangazi, na ninachokuandikia hapa ni kile ambacho barabara zetu hizi zimenifunza.

Tuanze na saa, kwa sababu saa ndiyo huamua mambo mengine yote. Nairobi iko kama digrii moja kusini mwa ikweta, na faida yake ni kwamba jua letu halina maringo. Mwaka mzima linachomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, na kabla ya saa moja usiku limeshazama. Wenzetu wa Ulaya hubadilisha ratiba kila msimu kwa sababu siku zao hufupika. Wewe ukipata saa yako, umeipata milele. Maana yake pia ni kwamba ukitoka saa kumi na moja, unatoka gizani, iwe ni Februari au Agosti. Hakuna mwezi utakaokuokoa.

Ukiweza, kimbia kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu asubuhi, au jioni kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na robo. Najua wengi hamuwezi. Kama unaripoti kazini Industrial Area saa moja, huna la kuchagua ila alfajiri. Basi tumia akili ya mtaa: fuata watu. Kuanzia saa kumi na moja Eastlands haijalala. Kuna mkondo mzima wa watu wanaotembea kwa miguu kwenda kazini ili kuokoa nauli, na pale penye mkondo huo mwizi wa ngeta hapati nafasi. Saa mbaya ni ile ya kabla yake, saa kumi hadi kumi na moja, wakati walevi wamelala na wafanyakazi hawajaamka. Na siku mbaya, amini usiamini, ni Jumapili. Wengi huona Jumapili asubuhi kuwa tamu kwa sababu barabara ni tupu. Ni tupu kweli, na ndiyo shida: hakuna wa kusikia ukipiga nduru, na gari moja moja linalopita huenda linaendeshwa na mtu aliyetoka klabu saa hiyo. Jumapili mimi hungoja jua.

Kama mtaa wako una ule mlingoti mrefu wa taa tunaouita mulika mwizi, na unawaka, chora mzunguko wako chini yake. Kuzunguka mara kumi mahali pamoja kunaboesha, lakini kunakupa kitu kingine: watu walewale wanakuona mara kumi.

Hapo ndipo penyewe. Vaa reflekta. Ile jaketi ya nduthi inayouzwa kila stage, ya manjano au ya kijani kibichi, ndiyo nguo bora ya kukimbilia Eastlands na haifiki bei ya jozi moja ya soksi za duka la michezo. Dereva anakuona kutoka mbali, hilo kila mtu analijua. Lakini cha maana zaidi ni kwamba hakuna mwizi anayeenda kazini akiwa anang’aa. Mtu aliyevaa reflekta amejitangaza. Ubaya wake ni mmoja tu: kuna siku mtu atakusimamisha akuulize Donholm ni ngapi.

Hudi iteremshe. Hata Julai. Baridi ikikuzidi vaa kofia ya sufu, uso ubaki wazi. Na salimia. Salimia soja wa geti, mama wa chapati, wazee wanaosubiri mathree, vijana wa kuosha magari. “Habari ya asubuhi, mzee.” Wiki ya kwanza watakutazama tu. Wiki ya tatu soja atakuuliza mbona jana hakukuona. Siku hiyo umeshapata ulinzi ambao hakuna kampuni inayouza. Kuna asubuhi jamaa mmoja alinionyesha kidole na kuanza kupaza sauti, na kabla hata sijajieleza mama mmoja wa mboga akamjibu: “Wachana na huyo, huyo ni wa kukimbia.” Huyo ni wa kukimbia. Cheti cha chuo sikupata, lakini hicho ninacho.

Mitaa iliyo na historia ya ndondi itakuelewa haraka. Pumwani, Muthurwa na Kariobangi, watu wameona mabondia wakipiga lami alfajiri tangu zamani, taulo shingoni, wakirusha ngumi hewani. Robert Wangila, mzaliwa wa jiji hili, alirudi na dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, na hadi leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imepata nje ya riadha. Ukiwa na mzee wa kuanzia miaka hamsini kwenye njia yako, mtajie Wangila tu. Hutakosa rafiki.

Sasa makarao. Sitapaka rangi. Mwaka 2017 Mathare Social Justice Centre, watu wa mtaa wenyewe, walitoa ripoti kuhusu vijana wanaouawa na polisi, wakaipa jina “Who Is Next?”, yaani anayefuata ni nani. Kila mtu aliyekulia huku ana jina moja au mawili ya kujaza kwenye hilo swali. Kwa hivyo kanuni hii usiicheze: ukiambiwa simama, simama. Usimalize kilomita, usinyooshe mkono kwenye mfuko, usigeuke kuangalia saa yako. Simama, mikono ionekane, ongea pole pole. Kitambulisho kiwe juu yako, si nyumbani. Mimi hukiweka kwenye kimfuko cha plastiki kigumu kinachofungwa zipu, ndani ya soksi ndefu, na nikiulizwa kiko wapi nasema kwanza kabla ya kuinama. Inakera kwamba mtu anahitaji mpango wa aina hii ili akimbie kilomita tano. Inakera sana. Lakini uwe nao.

Kuna upande wa pili ambao wavulana wengi hatuufikirii. Dada anayetembea peke yake kwenda stage saa kumi na moja na nusu akisikia nyayo zinakimbia nyuma yake, hajui wewe ni mwanariadha. Kwa dakika hiyo moja moyo wake uko mdomoni. Ukimwona mbele yako, vuka upande wa pili wa barabara mapema, au punguza uanze kutembea, useme “napita, siz” ukiwa bado mbali. Sekunde ishirini zako zitapotea. Yeye atafika kazini bila kutetemeka. Na kusema kweli inakulinda hata wewe, kwa sababu akipiga nduru, hakuna mtu kwenye hiyo barabara atasubiri maelezo yako.

Wasichana ninaokimbia nao wana orodha yao, ndefu kuliko yangu. Makonda wanaotoa maoni juu ya miguu ya watu. Wazee wanaojifanya makocha. Swali la nguo. Novemba 2014 wanawake waliandamana katikati ya jiji baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kituo cha magari, na mwezi uliofuata sheria ikabadilishwa: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kifungo cha si chini ya miaka 10. Jua sheria hiyo, na ujue pia haitakuwa na wewe pale barabarani. Wao walichoamua ni kutokimbia chini ya watu watatu kukiwa giza. Tena wanabadilisha siku na upande wa kuanzia, ili mtaa uwajue lakini mtu mmoja mwenye nia mbaya asijue Jumanne saa kumi na mbili watakuwa kona gani. Kama unatumia Strava, ingia kwenye mipangilio ufiche sehemu ya kuanzia na ya kumalizia, maana ukiacha wazi unawachorea wageni ramani hadi mlangoni kwako. Na usiposti njia ukiwa bado uko njiani.

Wakati mwingine hatari haiko barabarani kabisa. Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani kwa mbio za wanawake pekee Septemba 2021, na mwezi uliofuata akakutwa ameuawa nyumbani kwake Iten. Kama kuna mwenzako kwenye kundi ambaye ameanza kukosa bila sababu, au anakuja na alama anazoficha kwa mikono mirefu, muulize mkiwa wawili tu. Nambari ya 1195 ni ya bure, ni ya dhuluma za kijinsia, na inajibiwa usiku na mchana.

Turudi kwenye lami. Kenya magari hukaa kushoto, kwa hivyo wewe kimbia kulia, uso kwa uso na yale yanayokuja. Gari unaloliona unaweza kulikwepa. Hiyo ni ya vitabuni. Ya mtaani ni kwamba nduthi haijui kushoto wala kulia, itakuja nyuma yako kwenye njia ya miguu bila taa na bila honi. Ndiyo maana skafu za masikioni ni sawa lakini spika za masikioni si sawa. Kama huwezi kuachana na muziki, weka sikio moja tu, lile la upande usio na barabara. Usipite kati ya mathree na kingo inapoingia stage, dereva anaangalia abiria, si wewe. Madaraja ya juu ya wapita miguu yatumie mchana. Kukiwa giza na uko peke yako, geuza kabla ya kufika darajani, kwa sababu katikati ya daraja hakuna pa kukimbilia na wanaokaba wanajua hivyo.

Njia zangu mimi? Outer Ring tangu ipanuliwe ni takriban kilomita 13 kutoka upande wa Thika Road hadi kule Taj (jengo lilibomolewa 2018 lakini stage itaitwa Taj hadi wajukuu zetu), na ina njia ya miguu na baiskeli pembeni. Asubuhi mapema inakimbilika vizuri. Kufikia saa mbili njia hiyo ni soko, ni gereji, ni stage ya nduthi, utaruka nyanya. Buruburu ndani ndani, zile barabara za mitaa iliyojengwa kuanzia miaka ya 1970, ni tulivu na kuna soja kila hatua mia, ila ingia korti zake ukijua nyingi hazina pa kutokea. Kaloleni bado ina nafasi ya kupumua kwa sababu waliopanga miaka ya 1940 waliziacha nyumba zizunguke nyasi, na ukizunguka uwanja ule pale karibu na ukumbi unakimbia juu ya udongo, magoti yanakushukuru. Camp Toyoyo ya Jericho, kama hakuna mechi, uliza walinzi kwa heshima. Nyayo Embakasi ikiwa una mtu ndani wa kukuingiza. Jogoo Road siipendi, moshi wa mathree pekee unatosha kuwa kifungua kinywa. Eastern Bypass na malori yake waachie wenye bima.

Na ndiyo, najua Karura. Msitu mzuri, njia za udongo, hewa. Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiuzuia usinyakuliwe. Lakini kutoka Kayole ni mathree mbili kwenda, mbili kurudi, na ada ya getini. Nikienda Karura nakimbia kilomita nane na kulipa kama mtu aliyeenda harusi. Swali langu ni kwa nini mtu wa Eastlands lazima avuke jiji zima kutafuta mti.

Haya, mvua. Machi hadi Mei ndiyo kubwa, kisha ile ya Oktoba hadi Desemba. Mvua yenyewe haiui mtu, ngozi haiingii maji. Kinachoua ni kile mvua inachoficha. Vifuniko vya mashimo ya maji taka vimeibwa na kuuzwa vyuma kuukuu, na dimbwi la rangi ya chai linaweza kuwa na kina cha kidole au kina cha mtu mzima. Kanuni: usikanyage maji usiyoona chini yake. Kama hukuipita njia hiyo jana ikiwa kavu, usiijaribu leo ikiwa imefunikwa. Ya pili ni stima. Pale ambapo watu wameunganishiwa umeme wa sambaza, nyaya hupita chini na kwenye mabati, na mvua ikinyesha ukuta wa mabati unaweza kuwa na moto. Usijishikilie mabati ukiteleza, afadhali uanguke kwenye matope. Ya tatu ni mto. Aprili 2024 Mto Mathare ulipanda usiku na kubeba watu na nyumba. Njia za kando ya mto, na vile vidaraja vya mbao, viache hadi msimu uishe, hata kama leo maji yameteremka. Mvua inayokufagia huku imenyesha juu kwa wengine, wewe kwako anga ni safi.

Mahali ambapo hakuna lami, ule udongo mweusi wa Embakasi, Utawala na Kayole unanata mpaka kila kiatu kinakuwa na uzito wa matofali mawili. Usishindane nao. Hiyo wiki kimbia kwenye lami, au panda ngazi za ghorofa yenu. Pipeline kuna majengo ya ghorofa saba, nane, bila lifti. Panda na ushuke kwa dakika ishirini halafu uniambie kama bado unataka vilima. Omba tu ruhusa ya kearteka, na usifanye hivyo saa kumi na moja asubuhi, watu wanalala.

Viatu vikilowa, toa soli ya ndani, vijaze gazeti kuukuu, badilisha gazeti baada ya saa chache. Usiviweke karibu na jiko, gundi huachia. Miguu iosheni kwa sabuni mara moja ukifika, maji ya mtaro yana kila kitu, na kama una kidonda mguuni siku hiyo usikanyage mafuriko kabisa.

Juni hadi Agosti ni ile baridi yetu ya mawingu, asubuhi inashuka hadi digrii kumi na kitu. Tatizo lake si mwili, ni blanketi. Vaa tabaka mbili nyepesi badala ya moja nzito, anza kwa kutembea dakika tano, na uweke nguo tayari usiku. Mimi hulala na soksi za mbio miguuni. Sina la kuongeza, Julai ni vita ya kila mtu na kitanda chake. Ukifika nyumbani badilisha fulana yenye jasho kabla ya kufungua simu.

Januari na Februari ndiyo nazihofia kuliko mvua. Jua ni kali, vumbi limesimama, na kuna moshi. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na karibu na mstari wa ikweta, kwa hivyo jua la saa nne linachoma kushinda joto unalolihisi. Maliza kabla ya saa mbili. Kuhusu moshi, jaa la Dandora lilifunguliwa 1975, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na hadi leo malori yanaingia na taka zinachomeka. Mwaka 2007 shirika la UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Nairobi, lilichapisha utafiti uliopima damu ya watoto 328 wanaoishi karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na risasi kupita kiwango kinachokubalika. Risasi ya metali, nafafanua, kwa sababu huku kwetu lazima ufafanue. Ukikimbia unapumua hewa mara nyingi kuliko mtu aliyekaa, tena kwa mdomo, kwa hivyo moshi unaomkohoza jirani wako unaingia kwako kwa ndoo. Wewe wa Dandora, Kariobangi na Korogocho, toka nje kwanza usimame dakika moja. Ukiinusa, siku hiyo fanya mazoezi ndani, ruka kamba, piga pushapu. Siku bora za kukimbia pande hizo ni asubuhi baada ya mvua ya usiku, hewa ikiwa imefuliwa. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi, inakuzuia wewe kupumua tu.

Viatu ni Gikomba. Usiniambie kuhusu duka la mall. Kwa elfu moja hadi elfu tatu unapata kiatu ambacho kipya kingekula mshahara, lakini nenda mapema na usinunue kwa macho. Bonyeza ile sponji ya kati kwa kidole gumba: ikirudi polepole ni hai, ikiwa ngumu kama ubao imekufa hata kama rangi inang’aa. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma; kikiegemea upande mmoja, kina mwendo wa mtu mwingine na magoti yako ndiyo yatalipa. Kikunje: kinapaswa kujikunja pale vidole vinapojikunjia, si katikati. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Na uwe na jozi mbili, hata kama ya pili ni mbaya, kwa sababu Aprili na Julai jozi moja haikauki.

Nimebakisha mbwa. Wale wa mtaani asubuhi hutembea kwa makundi, na mbwa hukimbiza kinachokimbia. Ukiwaona, acha kukimbia, tembea, usiwakodolee macho, inama kama unaokota jiwe. Mbwa wa Eastlands anaielewa lugha hiyo. Ukiumwa au hata ukikwaruzwa na meno, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usipake mafuta ya taa, usipake pilipili, usingoje uone kama mbwa atakufa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona, na chanjo ya mapema huuzuia. Kliniki ndogo nyingi hazina dozi, kwa hivyo uliza leo, ukiwa mzima, ni hospitali gani karibu nawe inayo.

Mfukoni basi: kitambulisho, noti ya mia mbili ya nauli ikiwa mguu utakataa, na karatasi yenye jina lako na nambari ya mtu wa nyumbani, imeandikwa kwa kalamu isiyofutika na maji. Simu kama lazima ubebe, mkanda wa ndani ya fulana, si mkononi. Mwambie mtu mmoja unapita wapi na utarudi saa ngapi, na umpigie ukirudi, hata kama ni mama yako ocha ambaye kwanza atakuuliza ni nani alikuwa anakukimbiza.